Majina Yangu ya Tuzo Mwaka Huu, na Mtu Aliyesema Alikuwepo

Jumamosi jioni, Novemba.

Mvua imenyesha toka asubuhi, ikakatika kidogo mchana ili kutudanganya, ikaanza tena. Mlima Meru sijauona wiki nzima, wingu limeukalia. Niko sebuleni kwangu Levolosi, miguu kwenye beseni la maji ya moto maana viatu viliingia tope, na nina hasira ambayo sijui nimpe nani.

Nianze na majina, kama nilivyoahidi. Nilimwahidi nani? Haya, nilijiahidi mwenyewe.

Kwa asiyejua: sisi wapenzi wa maigizo hapa Arusha tuna chama chetu kidogo. Jumba la maonyesho hatuna. Tunaangalia yale yanayochezwa: maigizo ya Pasaka na Krismasi makanisani, ya wanachuo, ya shule, ya vikundi vya akina mama. Mwisho wa mwaka tunakutana kwenye ukumbi wa kukodi, tunapendekeza majina, waamuzi wanakaa nayo, na washindi wanapewa kikombe kwenye hafla ya soda na sambusa. Ni jambo dogo, najua. Kwangu ndiyo sikukuu yangu.

Sheria ni moja tu. Jina halipiti mpaka mwanachama mwingine asimame, aseme naye aliliona igizo hilo kwa macho yake, na anaunga mkono.

Mkutano ulikuwa leo.

Mwigizaji bora wa kiume nimempendekeza yule kijana wa chuo, kule Makumira, aliyecheza baba mlevi. Wengine wote niliowahi kuwaona wakicheza mlevi hupepesuka, hukoroga maneno, watu wanacheka, basi. Huyu hakupepesuka hata kidogo. Alitembea kwa uangalifu mno, akaongea kwa adabu mno, akaweka kikombe mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Sisi tuliolelewa na walevi tulimtambua pale pale. Usiku ule sikulala vizuri. Huyo hakuwa na shida, walisimama watu kwa mpigo kumuunga mkono, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mavazi nimewapa askari wa Kirumi wa igizo moja la Pasaka, wenye kofia za madumu ya mafuta yaliyokatwa na kupakwa rangi ya fedha. Kofia moja nembo ya mafuta ilikuwa bado inaonekana ubavuni. Na bado niliwaogopa.

Halafu kuna tuzo ya Mtazamaji Bora. Hii haimo kwenye orodha ya chama, tuliibuni mimi na Mama Lilian. Mwaka huu anaichukua bibi mmoja wa pale pale Makumira, aliyesimama katikati ya igizo akamfokea mlevi, "We baba, hebu mwache mtoto alale!" Yule kijana akasita, akamwangalia, akamwambia, "Samahani, mama," kisha akaendelea na ubaya wake. Nilicheka nikageuka kumtazama Mama Lilian. Kiti cha pembeni kilikuwa na sweta langu.

Mama Lilian alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, na ndiye niliyekuwa naye kwenye kila igizo kwa miaka yote hiyo. Mwaka jana serikali ikamhamishia Dodoma. Majina haya tulikuwa tunayagombania mpaka chai inapoa. Wiki iliyopita nilimtumia orodha yangu kwenye simu, ndefu, na sababu zake zote. Akanijibu kwa stika ya maua ya waridi iliyoandikwa "Ubarikiwe". Simlaumu. Ana kazi mpya, ana majirani wapya. Ila niliyatazama yale maua nikajisikia mpweke mpaka machozi yakanilengalenga, mtu mzima mimi, dukani kwangu, huku mteja anasubiri fotokopi.

Sasa naenda peke yangu. Sweta naliweka kiti cha pili ili ionekane kuna mtu anakuja.

Kwenda si kitu. Kinachoniuma ni kurudi. Unatoka ukumbini umejaa, maneno yako mdomoni, na huna wa kumwambia. Unafika nyumbani, unavua viatu, unawasha jiko, na lile igizo linapoa ndani yako bila mtu kulionja. Ndiyo maana nikaanzisha blogu hii. Anwani yake niliwahi kuiweka kwenye kundi la chama. Hakuna aliyesema kitu. Mtu mmoja akaweka tangazo la kiwanja chini yake.

Basi. Mwigizaji bora wa kike.

Mwezi wa nane nilikwenda Nduruma kuangalia kikundi cha akina mama wa kanisani. Siku hiyo ilikuwa mechi ya watani wa jadi, kwa hiyo wanachama wenzangu wote walikuwa mbele ya televisheni. Hata wenyeji walikuwa wachache, tulijaza mabenchi ya mbele tu, na nyuso zote ninazikumbuka. Igizo lilimhusu mama ambaye zamu yake ya maji ya mfereji inaangukia siku ile ile anayomzika mumewe. Asipokwenda kufungulia maji, mahindi yanakauka mpaka zamu nyingine. Akienda, watu watasema hakumpenda. Aliyecheza mama huyo anaitwa Mama Naomi. Ni mkulima, umri wa mama yangu, na nadhani hakuwahi kuingia ukumbi wowote wa maigizo zaidi ya huo wa kanisa lake.

Waombolezaji wanaondoka, anabaki peke yake. Anasikia maji. Anavaa gambuti za marehemu mumewe, kubwa mno kwake, anaanza kutembea, zinapwaya, plap, plap. Tukacheka. Haki ya Mungu, tulicheka. Yeye hakucheka na wala hakuharakisha. Alizunguka jukwaa zima hivyo hivyo, na kabla hajamaliza mzunguko hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Nimeangalia maigizo miaka mingi. Sijaona kitu kama kile.

Kwa hiyo leo nilisimama, nikamtaja. Nikaeleza kidogo tu, hata gambuti sikuzitaja. Nikakaa. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu anayependa utaratibu kuliko chakula, akauliza, "Nani anaunga mkono?"

Hakusimama mtu.

Miaka yote Mama Lilian alikuwa anasimama kabla sijamaliza kutaja jina. Leo nilisikia mvua kwenye bati. Wengine wakaangalia simu zao, mmoja akajikuna shingo. Mwenyekiti akauliza mara ya pili, akashika kalamu kabisa alikate. Nikasema moyoni, basi tena, mama wa watu kaponzwa na mimi, kwa kuwa sina mtu.

Ndipo Kaka Elirehema akasimama.

Kaka Elirehema ana duka la dawa za mifugo karibu na soko la Kilombero. Ni mtu wa kimya, anakaa karibu na mlango, na nikisema nimewahi kuongea naye zaidi ya salamu nitakuwa nadanganya. Akasema, "Naunga mkono. Nilikuwepo."

Hakuwepo.

Mwenyekiti naye akashtuka kidogo. "Hebu tupe kitu kimoja ulichokiona." Elirehema akakohoa. Akaeleza zile gambuti nyeusi, zilivyopwaya, kicheko kilivyokatika kama redio iliyoishiwa betri, na mama yule alivyolishika jembe, akalirudisha ukutani, akalichukua tena. Alieleza vizuri mno. Watu wakaguna kwa kuridhika, jina likapita, na aliyekaa karibu nami akanipigapiga begani akasema hongera.

Nilikaa pale kama nimemwagiwa maji. Maana gambuti hazikuwa nyeusi. Zilikuwa za kijani. Ukumbi wa kanisa ulikuwa na mwanga hafifu, nikaziona nyeusi, nikaandika nyeusi hapa kwenye blogu usiku ule ule. Baadaye nikaangalia picha kwenye simu nikagundua kosa. Sikulirekebisha. Nilijiuliza, nirekebishe kwa ajili ya nani?

Na ile redio iliyoishiwa betri ni maneno yangu, na lile jembe pia nililiandika hapa. Nimefika nyumbani nimefungua nimesoma. Neno kwa neno.

Hapa kuna kihesabio kinachoonyesha waliotembelea. Kila nikiandika, kinaonyesha mtu mmoja. Nilidhani ni mimi mwenyewe.

Kwanza nilikasirika, na bado nimekasirika. Kwa nini uongo, jamani? Mimi nilitaka mtu aliyeona. Sikumtuma mtu anionee huruma mbele za watu. Laiti angesema, "Mimi sikuwepo ila nilisoma," jina lingekatwa, sawa, lakini ningetoka pale nimenyooka. Sasa nimetoka nimeficha kitu. Maana na mimi nilijua, nikanyamaza. Mdomo nilikuwa nao, nikaufunga, kwa sababu nilimtaka Mama Naomi apite.

Halafu hasira ikipungua kidogo, najikuta natabasamu kama mjinga. Kuna mtu amekaa dukani kwake, katikati ya dawa za kupe, akasoma habari za Mama Naomi mpaka akazishika kichwani. Tangu mwezi wa nane! Na hakusema kitu. Wala mimi sikumuuliza kitu, toka nimjue.

Kosa nililofanya ni kupiga simu. Nilipotoka tu ukumbini, kabla sijafikiri, nilimpigia Mama Naomi, namba yake niliichukua siku ile ile Nduruma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Nikamwambia jina lake limepita, linakwenda kwa waamuzi. Akasema, taratibu sana, "Kumbe mliniona." Nikamjibu, "Ndiyo mama, tulikuona." Akaanza kulia na kucheka pamoja, akamwita mtu jikoni amwambie. Akaniambia, kumbe na kesho wanacheza, wameombwa kulirudia igizo lile lile kwenye sikukuu ya mavuno, baada ya ibada ya pili. "Njoo, mwanangu. Na wenzako uje nao."

Wenzangu.

Nimewaza toka saa hizo, maji ya beseni yamepoa nimeongeza, yamepoa tena. Majina yanakwenda kwa waamuzi Jumatatu. Nikinyamaza, Mama Naomi anaingia kwa uongo, na yeye hajui, na akishinda kikombe nitakuwa nakiangalia najua kilivyopatikana. Nikisema, namnyang'anya mama wa watu furaha aliyokwisha kuitangaza jikoni, na namwaibisha mtu mmoja pekee aliyesimama kwa ajili yangu. Yote mawili yananitesa. Ningekuwa na Mama Lilian hapa tungebishana mpaka tupate jibu. Nimeandika ujumbe wa kumuuliza, nikaufuta. Sitaki maua mengine.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali pa wazi kabisa, bila wasiwasi wowote. Mwenyekiti hasomi blogu hii, namjua, yeye husoma katiba ya chama.

Kaka Elirehema, hii ni yako.

Gambuti zilikuwa za kijani. Kosa lilikuwa langu, wewe umelibeba tu. Sitakuuliza kwa nini ulisimama. Labda siku moja utaniambia mwenyewe. Asante, na nimekukasirikia, na vyote viwili ni kweli.

Kesho kanisani Nduruma, baada ya ibada ya pili, anacheza tena. Njoo umwone. Uone mwenyewe anavyozunguka na zile gambuti, ukicheka ucheke, kisha uone utakavyonyamaza. Ukishamwona, uliyosema leo yatakuwa kweli kabla ya Jumatatu haijafika, na mimi nitalala. Si mchezo safi sana, najua, lakini ndio nilio nao.

Na tukitoka, kama huna haraka ya kurudi dukani, tusimame nje kidogo tuongee. Hata kama hukumpenda. Tafadhali, hata kama hukumpenda. Mwaka mzima sijabishana na mtu kuhusu igizo.

Usipotokea nitaelewa kwamba hukusoma, au umesoma ukaona aibu. Basi Jumatatu asubuhi nitampigia mwenyekiti nimweleze ukweli wote, wako na wangu. Kisha nitampigia Mama Naomi.

Hiyo simu ya pili sitaki kuipiga. Njoo, kaka.