Pia Iliyokuwa Ikitupatanisha

Baba Zuhura, mume wangu,

Salamu za makaburini nilikupa Ijumaa, lakini pale nilikuwa na watu, nikasema yale ya kusemwa mbele za watu. Haya ni ya nyumbani.

Eda imekwisha. Zuhura anataka nihame hapa Chang'ombe nikakae kwake Tabata, na mimi sijui kama nitaweza. Si kwa ajili ya nyumba, maana unaijua, bati bado linavuja palepale. Ni ua huu, ile nafasi kati ya bomba na mlango wa jiko ambapo tulikuwa tukirushiana ile pia yetu.

Watu walituona kwenye sarakasi tu, ujanani, kila mmoja na vijiti vyake viwili na kamba katikati. Ile pia ya vikombe viwili vya mpira vilivyogeuziana migongo ilizunguka juu ya kamba yako mpaka ikavuma, kisha ukaikaza kamba, pia ikaruka, nami nikaidaka kwa kamba yangu. Walipiga makofi. Hawakujua kwamba tulipoacha sarakasi ndipo tulipoipa kazi yake hasa.

Kwani wewe tangu lini ulijua kuomba radhi? Na mimi kwa kununa nilikuwa fundi. Unakumbuka ulivyompa dadako feni yetu bila kuniambia, na joto lile la Januari? Nilikaa kimya siku mbili. Chai nilikuwekea, neno sikukupa. Jioni ya pili nikakaa mlangoni na vijiti vyangu mkononi, najifanya navipangusa vumbi. Mara nikasikia pia inavuma nyuma ya nguo zilizoanikwa, na hiyo ikaja. Pia ikishakuwa hewani haigomewi. Nikainuka, nikaidaka.

"Mama Zuhura, ana mtoto mchanga yule," ukasema.

"Si ungesema," nikakujibu, nikakurudishia. Yakaisha, tukalala na joto letu.

Magoti yaliponianza, ukawa unairusha juu zaidi, kupita paa, ili nipate muda wa kuinuka. Hukuwahi kunitajia, na mimi sikukuuliza. Wapangaji walidhani wazee wamerudiwa na utoto.

Siku hizi najirushia mwenyewe. Nadaka vizuri tu, mkono haujasahau, lakini najua itatua wapi kabla haijaruka. Mara nyingine siirushi kabisa. Naizungusha pale pale kwenye kamba, naisikiliza ikivuma mpaka ichoke na kulala upande. Nina upweke, mume wangu, sikwambii kwa fumbo. Majirani hawaninyimi mboga, mwanetu anapiga simu kila asubuhi, watu wapo. Na upweke nao upo.

Juzi nilimkubalia Zuhura. Nilimwambia sawa, nitakuja, maana hata huu ua bila wewe ni saruji tu. Alifurahi mpaka akalia kwenye simu. Jana akaja kunisaidia kufunga vyombo, akapima kitanda chetu kwa macho, akasema hakitaingia kwenye chumba alichoniandalia. Kiuzwe, ataninunulia cha futi tatu, mtu mmoja kitamtosha.

Nilimnunia, Baba Zuhura, kununa kwangu kote: mgongo kwake, macho ukutani, chai yake nikaitua mezani bila neno. Nikakaa pale mlangoni. Nilimsikia anatembea nyuma yangu, anasimama, anatembea tena, nami nikatega sikio, nangoja kusikia pia ikivuma.

Akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika paji la uso. Akaniuliza kwa upole kama nimemeza dawa ya presha.

Nikamwambia nimemeza.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Zuhura