Nazi za Mlangoni Hekaluni

Bibi yangu, shikamoo.

Nimefika Nachingwea nikitokea Ruangwa, nimejaa vumbi na furaha. Lile hekalu la Wahindi bado limesimama. Mhariri wa kitabu chetu cha historia ya mji anataka kuifuta hadithi yako ya kupewa nazi pale mlangoni, kwa sababu shahidi pekee ni wewe, bibi yangu mwenyewe. Basi nikakaa kwa Bi Somoe, muuza ming'oko wa rika lako, nikala mizizi yake ya moto kwa chumvi. Sikumtajia nazi. Nilimwuliza tu watoto walikuwa wanafuata nini hekaluni.

"Nazi, mjukuu wangu. Wakimaliza kusali wanaipasua, tunagawiwa vipande. Tukishakula tunabadilishana kanga, tunarudi kwenye foleni."

"Hawakuwatambua?"

"Walitutambua sana. Wakacheka, wakatupa tena."

Hadithi yako inabaki kitabuni, na ya Bi Somoe naiweka pembeni yake. Hapa kuna upepo mzuri jioni hii, natamani ungekuwepo. Jipake dawa ya magoti, ulale vizuri, kisha uniambie ukweli: wewe ulikuwa unarudi mara ngapi?

Mjukuu wako akupendaye,
Tatu