Bisibisi Sikioni mwa Baba

Shoga, uko hapo? Nimejifungia stoo ya vipuri, nalia.

Si unajua sheria yangu mpya hapa gereji, gari lisikae, likikaguliwa litoke? Sasa Baba kaganda kwenye gari moja asubuhi nzima. Injini inanguruma, ncha ya bisibisi kaigusisha kwenye injini, mpini kauweka sikioni, anasikiliza ubovu kama alivyonifundisha.

Nikamfokea mbele ya wateja. "Baba, unatuchelewesha!" Kimya. Nikafoka tena. Kimya! Nikajua ananidharau.

Nikamshika bega. Akashtuka, shoga. Akashtuka!

"Mkononi naisikia injini inatetemeka, mwanangu," akaninong'oneza. "Sikioni sauti haiji tena."

Asubuhi nzima alikuwa anaisubiri irudi. Na mimi namfokea.