Deodata Amehama Misa

Bugarama, Ngara
Machi 1979

Kaka Leonidas, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mkeo Deodata amehama misa. Ile ya asubuhi ya Kihangaza ameiacha, sasa husali ya Kiswahili, yeye ambaye Baba Yetu ya Kiswahili humshinda katikati. Maharage yamekubali mwaka huu, na ng'ombe amezaa dume.

Narudi kwa Deodata. Misa hiyo mwalimu wa kwaya ni Bulugu, Msukuma mwenye sauti nzuri kupita mahitaji ya parokia. Mimi simsemi mtu. Nilikwenda tu Jumapili kadhaa nikakaa nyuma ya mkeo. Hakumtazama Bulugu hata kidogo, jambo lililonitia shaka zaidi.

Njiani nikamuuliza, "Shemeji, Kihangaza kimekukosea nini?"

"Kwani wewe hukusikia wanayosoma kule?"

"Wanasoma nini?"

"Utasikia wapi, na wewe huingia watu wakitoa sadaka! Jumapili uwahi, shemeji."

Nikawahi. Nikasikia maombi ya waamini ya Kihangaza kwa mara ya kwanza tangu kipaimara.

Kaka, tuandikie, hata mstari mmoja, na umwandikie mama kwanza. Katika misa ya Kiswahili jina lako husomwa pamoja na askari walio vitani. Katika ya Kihangaza, mama amemwambia katekista akusome pamoja na marehemu.

Mdogo wako,
Ildefonce