Laana Niliyomtupia Eliudi

Mabira, Kyerwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada aliniambia sasa unafika kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Na kifua cha Mama kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungeniuliza habari za kazi, ningesema nzuri, tukaishia hapo.

Unakumbuka darasa la Biblia nililolianzisha huku, kila Alhamisi. Lilianza na watu wanne, likajaa hadi wengine wakasikilizia dirishani. Mwaka jana Eliudi, mwendesha bodaboda mwenye watoto watano, aliomba awe anawafafanulia wazee kwa Kinyambo. Ningeweza kutumia Kihaya chetu, wangenielewa, ila niliona Kiswahili kina heshima zaidi. Nikamruhusu.

Haikupita miezi mitatu, nikawa nikisema jambo watu wanamtazama yeye, wakingoja alieleze. Alipoeleza Waisraeli walivyochukuliwa Babeli kwa kulivunja agano, alisema ni kama kusimama barabarani na kuona wageni wanavuna kibanja chako, migomba aliyoipanda baba yako. Wanawake walilia. Mimi habari ya Babeli nimeifundisha mara nyingi, hakuna aliyewahi kulia. Mjane mmoja, Mama Kemilembe, akaniambia bila ubaya wowote, "Mwalimu, wewe unafundisha vizuri. Ila Eliudi tunamwelewa." Neno lile nililala nalo na kuamka nalo.

Ndipo mnyauko ukaingia kwenye kibanja cha Eliudi. Majani yakawa ya njano, ndizi zikaiva zingali changa, ukizikata ndani zimeoza. Bwana shamba alikuja, akasema ugonjwa huo huhamishwa na panga, kila mtu alipitishe panga lake kwenye moto. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

Jumapili nilipohubiri kanisani nikafungua Kumbukumbu la Torati, ile sura ya baraka na laana. Nikaeleza jinsi ardhi ilivyowanyima Israeli mavuno walipoasi, na wadudu wakala mazao yao. Nikasema Mungu hapigi shamba la mtu bure. Sikumtaja mtu. Haikuhitajika.

Watu wakaanza kupanda pikipiki za wengine. Kwenye msiba wa jirani mke wake akaachwa amekaa peke yake, hakuna aliyemwita jikoni. Jumanne Eliudi alikuja kwangu, akasimama mlangoni kofia ya pikipiki mkononi.

"Mwalimu, agano nimelivunja wapi? Nionyeshe, nitubu."

Nilipaswa kumkumbusha habari ya panga. Nikamwambia achunguze moyo wake. Akanishukuru, Baba. Akaenda akafunga siku tatu, akaacha darasa, na mke wake anasema alitubu hadi kuku aliyemwiba utotoni.

Darasa likarudi kwangu. Kwa nini nikufiche? Nilifurahi.

Kisha nikawa naandaa somo la Hosea, pale Mungu anapokumbuka alivyomfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono. Anamkasirikia kwa uasi wake, anataja adhabu, halafu moyo wake unageuka, anashindwa kumwacha. Maneno hayo nimeyasoma tangu nikiwa kwako. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba wivu wa Mungu unamtaka mtu arudi. Wangu ulitaka mtu aondoke. Nilishindwa kuendelea kuandika.

Jumapili nilisimama mbele nikasema yote, habari ya panga na habari ya wivu wangu. Eliudi akatoka benchi la nyuma, akaja kunikumbatia. Kanisa zima likaimba. Nikamsikia Mama Kemilembe akimwambia mwenzake, "Moyo kama wa Eliudi hatujauona." Hata toba yangu ikawa sifa yake. Na wivu ukanirudia palepale, Baba, Eliudi akiwa bado amenikumbatia.

Niliwaomba wazee wa kanisa wampe yeye darasa. Sasa mimi naketi nyuma. Alhamisi moja alisema Nebukadneza alikuwa mfalme wa Ashuru, badala ya Babeli. Mdomo ulifunguka wenyewe, nikaufunga. Baadaye nilimwambia pembeni, kwa Kihaya. Wiki iliyofuata akajisahihisha mbele ya wote, akasema ni mimi niliyemfundisha. Wakamsifu kwa unyenyekevu.

Ukinijibu, usinifariji. Utaona huruma, nakujua, lakini usianze na huruma. Nikemee kama ulivyonikemea nikiwa nyumbani. Huku wote wamenisamehe haraka mno, na mimi nahitaji kukemewa na mtu anayenipenda.

Msalimie Mama, na umwambie naivaa sweta aliyonifumia, huku asubuhi kuna baridi. Msalimie dada na mume wake, shangazi wa pale Muleba mjini, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kuimba. Usiwasomee barua hii, isipokuwa Mama.

Nangoja mwandiko wako,

Mwanao Edson