Kumvuta Bibi Irmgard Kinyumenyume

Rockville, Maryland
14 Oktoba 2007

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje? Anatoli kaniambia siku hizi unakwenda kanisani bila fimbo. Nikamwambia asinidanganye, maana nakujua: fimbo unaiacha nyumbani ili Mama Domina asipate la kusema kule kwenye jumuiya. Tafadhali ichukue, mwache aseme. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na baridi ya mwaka huu bado haijaanza ukorofi wake.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kila Jumapili. Lakini kuna maneno ambayo kwenye simu hunikwama, na hizi kadi za simu zina tabia ya kuisha pale mtu anapopata ujasiri. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu. Namwomba kaka Anatoli akusomee mpaka mwisho bila kuruka, hata akifika mahali pa kumkasirisha.

Habari yenyewe ni kwamba mwezi uliopita nilikwenda Ujerumani. Najua hapo Anatoli ameacha kusoma na kukutazama. Miaka kumi na mmoja nimewaambia siwezi kutoka Marekani kwa sababu karatasi zangu hazijakamilika, na kwamba nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Hata Baba alipofariki mwaka 2003 mlimzika bila mimi kwa sababu hiyohiyo. Sasa nimetokaje? Swali hilo ni halali yenu, nami nitalijibu. Ila niacheni kwanza nisimulie safari, maana bila safari hii nisingepata nguvu ya kujibu.

Unamkumbuka Bibi Irmgard, yule mzee ninayemtunza, anayependa kuniuliza kama wewe umeshakula? Kwao ni mji wa Bamberg. Mwaka 1947 aliolewa na askari wa Kimarekani, na mama yake alikasirika kiasi kwamba siku ya kuondoka hakutoka hata mlangoni kumuaga. Mama huyo alifariki mwaka 1958, na Bibi Irmgard hakwenda kuzika. Hakurudi kabisa. Mwaka huu alipotimiza miaka themanini alimwambia mwanawe, daktari wa meno kule mjini Columbia, kwamba anataka kwenda kwa mama yake kabla hajafa. Mwanawe hakuweza kuacha wagonjwa, akaniomba mimi nimpeleke. Mwenzangu wa kazini, Simiyu, Mkenya mmoja mwenye maneno mengi, alitupeleka uwanja wa ndege. Njia nzima kwenye ile barabara kuu ya Beltway alinisisitizia kwamba nikifika huko nisi-relax, nisi-trust mtu, na pasipoti niishike kama mtoto mchanga. Kumbe yeye mwenyewe hajawahi kufika Ulaya.

Mama, mji ule ni mzuri na ni mkaidi. Vita havikuubomoa sana, kwa hiyo nyumba za mamia ya miaka zimesimama zimeegemeana, mto unapita katikati, na juu kilimani kuna kanisa kuu lenye minara minne. Huku Rockville kila mahali ni gari, hata kununua chumvi. Kule sehemu ya zamani magari ni machache na njia ni nyembamba, zimetandikwa mawe ya mviringo kama vichwa vya watoto. Ukishika ramani unakuta njia moja inabadilisha jina kila inapopinda. Siku ya kwanza nilimsukuma Bibi Irmgard kwenye kiti chake cha magurudumu hatua ishirini tu, yale ya mbele yakanasa kati ya mawe, akatikisika mpaka miwani ikamwangukia mapajani. Alisema amevuka bahari ili aje kuuawa na kiti.

Basi nikafanya tunavyofanya kazini kwenye vizingiti: niligeuza kiti, nikakivuta kinyumenyume. Kikateleza vizuri. Tulitembea Bamberg siku nne kwa mtindo huo, mimi nikitazama tunakokwenda, yeye akitazama tulikotoka. Alikuwa ananielekeza kwa ramani ya kichwani mwake ya mwaka 1947. Angesema nipinde kwenye duka la mikate, nami ningeona linauza simu. Hakuudhika. Alisema mto uko palepale, na unatosha kutuongoza.

Mambo mengine yalinishinda. Basi la kule hujiinamisha upande ili kiti kipande, jambo lililonifurahisha kuliko minara yote, lakini hakuna anayekuuliza tiketi. Unainunua, halafu lazima uitie mwenyewe kwenye kijimashine kikaigonge muhuri. Mimi siku nzima nilikuwa nimezihifadhi tiketi zetu mkobani, safi kabisa, nikijisifu kwa utunzaji, mpaka Bibi akaniambia tunasafiri kama wezi. Na taa ikiwa nyekundu watu husimama kusubiri hata kama hakuna gari wala baiskeli. Nilivuka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto akanisemesha kwa ukali, na ingawa sikuelewa neno, nilijua natumika kama mfano mbaya.

Asubuhi ya tatu Bibi Irmgard akasema sasa nimpeleke kwa mama yake. Alinipa karatasi yenye anwani mbili, ya nyumba yao ya zamani na ya makaburini, kisha akasinzia, maana dawa zake za asubuhi humlaza. Mimi nikachagua ya nyumba. Mama, hata wewe ungefanya hivyo. Sisi tukitafuta kaburi la mzazi tunakwenda nyumbani, tunazunguka nyuma kwenye migomba, basi. Hiyo nyingine nilidhani ni ya parokia. Nikamvuta hadi kwenye ile nyumba, nikaingia uani, nikaanza kutafuta. Palikuwa na baiskeli, mapipa ya taka, na nyanya kwenye vyungu. Akatoka kijana mmoja mpangaji, akaniuliza kwa Kiingereza kama anaweza kunisaidia. Nikamjibu kwa heshima kwamba tumekuja kumwona mama mwenye nyumba, na kwamba naomba anionyeshe alipozikwa.

Yule kijana alibadilika rangi. Akatazama nyanya zake. Ndipo Bibi Irmgard akaamka, akasikia tunachozungumza, akacheka mpaka nikaogopa moyo wake. Akamweleza kijana kwa Kijerumani kwamba kwetu wafu hukaa nyumbani na watu wao. Kijana akavaa koti, akatusindikiza mwenyewe hadi makaburini, na penye ngazi alishika upande mmoja wa kiti.

Makaburini, mama wa ofisini alifungua kitabu akatafuta kwa muda mrefu. Kule, Mama, kaburi ni la muda. Ndugu hulichukua kwa miaka kadhaa, na muda ukiisha wasipojitokeza, mahali pale hupewa wengine. Binamu yake Bibi aliliendeleza mpaka alipofariki naye. Mwaka 1993 walizikwa hapo watu wengine, mume na mke. Mimi nilikasirika. Niliuliza mtu anamhamishaje maiti kama mpangaji. Mama wa ofisini alinijibu kwa upole kwamba waliandika barua, hakuna aliyejibu.

Bibi Irmgard aliomba tu kuonyeshwa mahali. Lilikuwa jiwe jeusi jipya, lenye majina asiyoyajua. Aliniomba nimsaidie kuinama ili aguse udongo, nikampigia magoti nikamshika kiuno, akauweka mkono pale akasema maneno machache kwa lugha yao. Mimi nililia. Yeye hakulia.

Kwenye basi wakati wa kurudi alinisimulia kwamba pasipoti amekuwa nayo tangu miaka ya sitini. Mwaka mmoja alisema watoto ni wadogo, mwingine akasema mume anaumwa. Ukweli ni kwamba aliogopa ile siku ya kusimama mbele ya kaburi na kila mtu ajue kwamba amechelewa. Akasema amechelewa mpaka hata pa kuchelewea hapakuwepo tena. Kisha akaniuliza mimi nakwenda lini kwa baba yangu. Alikuwa ameiona kadi yangu ya ukaazi uwanja wa ndege. Nilitazama dirishani mpaka tukafika.

Mama, karatasi zangu nilizipata Machi mwaka jana. Krismasi iliyopita, uliponiuliza nikakujibu bado, kadi ilikuwa mkobani mwangu. Nilikudanganya. Tangu hapo hakuna serikali iliyonizuia, ni mimi. Najua mtu aliyekosa kuzika anavyopokelewa: kina mama wataanza kilio getini kana kwamba Baba amekufa asubuhi hiyo, nami nitapelekwa kaburini kabla ya kupewa hata maji. Niliogopa kilio hicho. Niliogopa uso wako. Na maadamu sijaliona kaburi, kwangu Baba bado yuko barazani na redio yake, anakemea betri. Nisamehe, Mama. Na kama huwezi leo, kasirika sasa hivi, ili nikifika ziwe zimebaki siku za kukaa pamoja.

Maana nakuja. Tiketi nimeshaikata, nitaingia Bukoba tarehe 18 Desemba, nitakaa mpaka katikati ya Januari. Bibi Irmgard anakusalimu sana, na anasema usinidekeze. Kaka Anatoli, asante kwa kusoma hadi hapa, matusi yako niwekee, nitayapokea ana kwa ana. Mnisalimie Mama Domina na jumuiya nzima, na waambieni wasinionee huruma getini. Walie kwa sauti yote.

Nina ombi moja tu. Najua kila Desemba huwa mnapalilia kaburi la Baba kabla ya wageni wa Krismasi. Mwaka huu liacheni na majani yake. Nitayang'oa mimi.

Mwanao,
Euphrasia