Tawi la Njia Panda

Jumapili, 2 Agosti 1908. Handeni.

Habari toka Korogwe. Binti yangu Mashavu kajifungua mtoto wa kike, salama. Halafu jina – Mwaija! Jina la mke mwenzangu! Aliyemzaa Mashavu nani? Mimi, kwa uchungu wa siku mbili. Eti mwaka wa njaa Mwaija ndiye aliyembeba mgongoni. Nilikuwa na homa! Mume wetu Mhina anacheka tu.

Jumatatu, 3 Agosti

Kesho twende wote kumwona mtoto. Salimu wa tumbaku karudi na kitambaa kiunoni tu. Wanyang'anyi wamempora kila kitu kwenye njia ya zamani, ile ya kichakani. Mhina kasema tufuate barabara mpya ya Mdachi, tusiachane. Tukiachana, wa mbele aweke tawi kwenye njia mbaya, wa nyuma asipotee. Ananifundisha mimi! Amfundishe Mwaija, hajawahi kuipita barabara mpya.

Alhamisi, 6 Agosti. Korogwe.

Tumefika jioni. Asubuhi Mwaija kachomwa na mwiba. Anachechemea, kuku wa mzazi mkononi, huku anaimba: Mwaija mdogo, Mwaija mdogo. Nikamwambia funga mdomo, mwanamke. Kacheka – haya, dada, tangulia, ila unifungie njia. Mhina alikuwa mbali mbele na mzigo, kazi ya tawi kaniachia mimi. Pale njia panda, inapochepuka ile ya zamani, nikakata tawi. Nikalishika. Nikalitupa. Akamwulize njia huyo somo yake!

Mtoto ana pua yangu. Mashavu hata shikamoo hajamaliza – mama mdogo yuko wapi?

Nikasema anakuja.

Ijumaa, 7 Agosti

Hajafika. Watu wametoka msikitini, hajafika.

Mhina kaniuliza tawi uliweka? Nikasema niliweka. Kaniuliza tena, taratibu. Niliweka! Unaniona mtoto?

Kaazima mkuki, kapata wanaume wawili. Anasema nami niende, nikawaonyeshe nilipoliweka. Mashavu analia, mtoto naye analia, hakuna wa kumbembeleza mwenzake.

Nimekata tawi nyuma ya nyumba, nimelificha ndani ya nguo. La mpera. Sasa ndiyo nakumbuka – kule porini hakuna mpera hata mmoja.

Mhina anaita. Mara ya tatu hii.